Upinde Chini ya Ngozi

Kabla sijaingia kwenye kazi ya mifupa, nilikuwa nachora mageti. Nilipomaliza chuo nilipata kibarua kwenye karakana moja ya mtaa wa Unga Limited, nachora mageti, ngazi na stendi za matanki ya maji. Hata nilipoajiriwa kufundisha uchoraji wa mitambo katika chuo kimoja hapa Arusha, Jumamosi nilikuwa bado napita pale karakana kuchomelea. Kwa hiyo siku daktari mmoja wa mifupa aliponijia ofisini na boksi la viatu lililojaa vipande vya bomba na klampu za chuma, nilidhani anataka stendi ya kitu fulani.

Alikuwa wa umri wa baba yangu, Mchaga kama mimi, tunasali kanisa moja. Nikamwamkia, akaitikia, akamwaga vile vyuma juu ya meza yangu ya kuchorea.

"Hivi tunavifunga kwa watu waliovunjika fupanyonga," alisema. "Skrubu inaingia kwenye mfupa wa nyonga, kulia na kushoto, zinatokeza nje ya tumbo, halafu tunaziunganisha kwa mabomba haya. Mgonjwa analala hivyo wiki nane, kumi. Hawezi kugeuka, hawezi kuvaa nguo ya maana. Na pale skrubu inapotokea, ngozi inatoa usaha."

Aliniambia fupanyonga ni kama pete. Ikikatika mbele, mara nyingi na nyuma inakuwa imelegea, na mtu hawezi kusimama mpaka pete ishikane. Alichotaka ni kuhamisha kile chuma kutoka nje kukiingiza ndani. Matundu mawili madogo, skrubu mbili, na upinde mmoja mwembamba unaopita chini ya ngozi, chini kidogo ya mkanda wa suruali, kutoka nyonga moja mpaka nyingine. Mifupa ikishika, unatolewa.

Alisema wenzetu wa nchi nyingine walishaanza kufanya hivyo kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya uti wa mgongo. Yeye alitaka kifaa kilichochorwa kwa kazi hiyo, kwa watu wa hapa, ambao wengi ni wembamba.

"Daktari, mimi nachora mageti."

"Geti la kanisani ulilichora wewe. Mwaka wa sita huu, bawaba hazijalegea."

Nilicheka, lakini lile neno lilinivimbisha kichwa. Nikakubali.

Kazi ya kuchora ilichukua zaidi ya miaka miwili. Nilipima nyonga kwenye picha za eksirei mpaka nikawa naziona usingizini. Nilichapisha mifupa ya plastiki kwa printa ya chuo, nikaivunja, nikaifunga, nikaivuta kwenye mashine ya kupimia nguvu za vyuma. Mikunjo ya kwanza ya upinde ilikuwa mibaya. Mmoja ulikaa juu mno, ungeonekana chini ya ngozi kama mpini wa kikapu. Mwingine ulikaa chini mno na daktari akaukataa palepale, kwa sababu ungebana mishipa mikubwa ya damu inayoshuka miguuni. Wa tisa ndio tuliokubaliana.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ambao kwa wakati ule ulionekana mdogo kabisa. Nilikuwa nimechora saizi nne. Kila saizi ilitaka majaribio yake na makaratasi yake ya vibali, nami nilikuwa nimechoka. Nikazipunguza zikabaki mbili. Ili saizi mbili zitoshe watu wote, ilibidi upinde uwe mrefu kidogo kuliko haja, ncha zake zibaki nje ya vichwa vya skrubu. Kwa mtu mwenye nyonga nyembamba, ncha ingezidi kwa upana wa kidole gumba kila upande. Na nikasisitiza zisikatwe wakati wa upasuaji, kwa kuwa chuma kilichokatwa kinabaki na makali, wakati ncha za kiwandani ni laini, za mviringo. Nilikuwa nazipenda zile ncha. Nilizichora vizuri.

"Hizi zinazobaki nje zitagusa nini?" daktari aliniuliza.

"Mafuta tu, Daktari. Na nyama kidogo."

"Na kwa mtu asiye na mafuta?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nafikiri nilimwonyesha mkunjo kwenye kompyuta, nikamzungushia picha ile pande zote, naye akavutiwa na jinsi inavyozunguka.

Niliujaribu upinde mwenyewe, si ndani ya mwili bali juu ya nguo. Nilijifunga ule wa plastiki tumboni kwa bandeji nikakaa nao siku nzima. Nilifundisha nao, nikaendesha gari nao mpaka nyumbani Usa River, nikala chakula mezani nao. Nikaandika kwenye daftari kwamba haukunisumbua. Siku nzima ile nilikaa kwenye kiti cha ofisi, kiti cha gari na kiti cha meza ya chakula. Sikuchuchumaa hata mara moja.

Vibali vilipopatikana, pinde halisi za chuma cha titani zilitengenezwa nje ya nchi, kwenye kiwanda chenye ujuzi huo. Zilikuja kwenye boksi dogo, kila mmoja kwenye pakiti yake. Daktari aliushika mmoja akaupima uzito kwa kiganja, akasema, "Mwepesi kama kalamu."

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mama wa kabila la Waarusha, kutoka Oldonyo Sambu, mwenye miaka hamsini na kitu. Alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda pamoja na gunia la viazi kwenda mnadani. Pikipiki iliteleza kwenye vumbi la barabara ya kuingilia lami, ikamlalia yeye, na gunia juu yake. Fupanyonga lilikuwa limeachia mbele na kupata ufa nyuma upande wa kushoto. Alikuwa mwembamba, mrefu, na nyonga zake kwenye picha ya eksirei zilikuwa nyembamba kuliko zote nilizowahi kupima.

Daktari alimweleza habari za upinde mbele ya mkwe wake, msichana wa miaka ishirini na kidogo aliyekuwa akimtafsiria kwa Kimaa, lugha yao, pale Kiswahili kilipokuwa kigumu. Aliambiwa kwamba yeye ni wa kwanza hapa, kwamba ana haki ya kukataa na atatibiwa kwa njia ya zamani, na kwamba likitokea lolote aseme. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, atasimama lini. Daktari akamwambia labda ndani ya wiki moja. Akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Siku ya nne baada ya upasuaji alisimama. Nilikuwepo. Wodi ile ilikuwa na watu waliolala na vyuma vya nje tangu mwezi uliopita, na wote walimgeukia. Alishika kifaa cha kutembelea, akavuta pumzi, akapiga hatua tatu mpaka dirishani, akasimama akiutazama Mlima Meru, upande ambao yeye hakuuzoea kwa sababu kwao wanauona kwa nyuma. Nililia. Nilimrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na nikaitazama ile video mara nyingi sana wiki hiyo, hata nikiwa kwenye foleni ya benki.

Wiki ya sita alirudi kliniki na mkwe wake. Aliponiona alinyoosha mkono.

"Takwenya!"

"Iko," nikaitikia salamu. Mbali na hilo nilikuwa najua kumwita Yeyo, yaani mama, na kusema asante. Hicho ndicho Kimaa chote nilichokuwa nacho, mimi niliyezaliwa Arusha nikakulia Arusha.

Nilikuwa na fomu ya maswali niliyoitunga mwenyewe. Uwezo wa kulala, uwezo wa kusimama, uwezo wa kutembea, uwezo wa kukaa. Nilipofika hapo nikauliza, "Yeyo, unakaa vizuri?"

Hakumsubiri mkwe atafsiri. "Nakaa vizuri, mwanangu. Watoto wapo. Maji wananichotea."

Nilijua. Hili ndilo ninalotaka kuliandika bila kulipamba. Kwa sekunde moja au mbili nilijua kabisa kwamba mimi nimeuliza habari za makalio na kiti, na yeye amenijibu habari za maisha ya nyumbani kwake. Nilimwona pia jinsi alivyokuwa ameegemea ukingo wa benchi, mguu wa kushoto umenyooka mbele kama ubao. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika: anakaa vizuri.

Daktari alipoingia, mama alijigusa paja la kushoto, upande wa nje.

"Hapa panawaka. Kama nimepakwa pilipili. Halafu panalala, sisikii kitu."

Daktari akampima. Alimgusa kwa pamba, akimwuliza anasikia au hasikii, na kila pale aliposema hasikii akaweka alama kwa kalamu juu ya ngozi. Alipomaliza, alama zilikuwa zimezunguka eneo la ukubwa wa sahani ya chakula. Akamwomba akunje mguu. Mama alikunja kidogo tu, akauma meno, akauachia.

Daktari akaniita koridoni.

"Ile ncha inakandamiza neva," alisema. "Ipo neva moja inapita palepale pembeni, ndiyo inayolipatia paja hisia. Akikunja mguu, ncha inaisukuma. Nataka nimrudishe thieta. Sindano ya ganzi tu, nafungua pembeni kidogo, nakata ncha, nafunga. Robo saa."

"Daktari, wiki sita tu zimebaki upinde mzima utoke. Tumkate mara mbili ya nini?"

Ilisikika kama huruma. Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitaja. Baada ya wiki tatu tulitakiwa kuieleza kazi yetu kwenye mkutano wa watafiti katika hoteli moja Usa River, na mgonjwa wa kwanza akirudishwa thieta, ingebidi iandikwe kwamba amefanyiwa upasuaji wa marudio kwa sababu ya kifaa. Kwa sababu yangu.

Daktari alikunja uso. Alikuwa na foleni ya wagonjwa inayofika mlangoni, na muuguzi alikuwa anamwita.

"Neva ikikandamizwa sana haisamehi," alisema. "Lakini haya. Kamweleze yeye mwenyewe achague. Akisema leo, nafanya leo."

Nikarudi chumbani. Mama alikuwa anavaa kanga yake, mkwe ameshika faili.

"Daktari anasema maumivu haya ni ya kawaida," nikawaambia. "Yataisha chuma kikitoka."

Daktari hakusema hivyo. Mkwe akatafsiri, mama akatikisa kichwa kukubali, akanishukuru. Walikuwa wanawahi gari la Namanga, linalopita kwao.

Mkutano wa Usa River ulikwenda vizuri. Nilionyesha michoro, nikaonyesha mashine ikivuta mifupa ya plastiki, kisha nikaonyesha ile video. Mama alipofika dirishani watu walipiga makofi. Kwenye ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeandika kwamba wiki ya sita mgonjwa analala, anasimama, anatembea na anakaa vizuri. Kuhusu paja niliandika: usumbufu mdogo. Daktari alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliusoma ukurasa ule kama wengine, na tuliporudi mjini alinipongeza kwa sauti ndogo.

Wiki ya kumi na mbili mama hakuja. Nilimpigia mwanawe, maana namba iliyokuwa kwenye faili ilikuwa yake.

"Mama yuko salama, dada. Anatembea."

"Mbona hajaja kutolewa chuma?"

"Mvua, dada. Tunapalilia maharage. Na yeye anasema anatembea, atakuja tukimaliza."

Sikuuliza paja likoje. Nikampelekea daktari habari kwamba anatembea, na daktari akasema aje mara tu barabara ikikauka. Ningeweza kuchukua gari nikaenda. Kutoka mjini mpaka Oldonyo Sambu si safari. Watu wanakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Zilipita wiki tano. Nilikuwa natunga mitihani.

Daktari alinipigia asubuhi moja nikiwa darasani, wanafunzi wanachora. Yeye hapigi saa za kazi, kwa hiyo nikatoka nje kupokea.

"Injinia, njoo hospitali. Yule mama yupo hapa. Ameungua."

Mkwe ndiye aliyenisimulia, tukiwa tumesimama nje ya wodi. Tangu arudi nyumbani, mama hakuweza kukaa kwenye kigoda. Akijaribu kukunja mguu, paja linawaka mpaka machozi yanamtoka. Kwa hiyo jikoni alikuwa anakaa chini kabisa, juu ya gunia, mguu wa kushoto ameunyoosha kando ya mafiga. Kukamua ng'ombe alishaacha. Siku ile alikuwa anakoroga uji huku anaongea na mjukuu wake. Kijiti kimoja cha moto kilitoka mahali pake kikalala kwenye shuka alilojifunga.

"Mimi nilikuwa nje nachambua mboga," mkwe alisema. "Nikasikia harufu ya nguo. Nikasema labda gunia limeshika moto. Naingia, namkuta anaongea tu na mtoto, anakoroga. Shuka linaungua pajani kwake, na yeye hana habari."

Akaongeza, "Tulidhani ndivyo ilivyo. Mlisema ni kawaida."

Nilitaka kukaa chini na hapakuwa na kiti.

Kidonda kilikuwa cha ukubwa wa kiganja, ndani ya eneo lilelile ambalo daktari alikuwa amelizungushia kalamu. Walikisafisha siku nyingi kabla ya kufikiria kumfanyia upasuaji wa kutoa upinde. Siku hiyo ilipofika niliomba kuingia thieta, na daktari akaniruhusu nisimame nyuma, nimevaa kofia na kinyago.

Upande wa kulia ulifunguka bila shida. Upande wa kushoto ilibidi afanye kazi polepole, kwa kuwa mwili ulikuwa umejenga kovu gumu kuizunguka ncha. Alipoitoa, aliniita kwa kichwa nisogee. Ncha ilikuwa imejichimbia kitanda chake. Chini ya kile kitanda ilipita neva, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, imebonyezwa mpaka ikawa bapa kama utepe, na nyeupe kuliko nyama iliyoizunguka. Sikuwahi kuiona neva ya mtu aliye hai. Kwenye mifupa yangu ya plastiki hazikuwepo.

Daktari aliushika upinde kwa koleo, akauweka kwenye trei. Akabonyeza nyonga zote mbili kwa mikono, akitazama picha ya eksirei kwenye skrini.

"Mfupa umeshika vizuri sana," alisema.

Ilikuwa kweli. Kazi niliyotumwa, ya kuishika pete isiachane, upinde ulikuwa umeifanya kikamilifu. Nilivua gauni la thieta nikaenda kukaa kwenye gari, nikakaa humo mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kuuliza kama niko salama.

Kwao nilikwenda mwezi uliofuata, aliporuhusiwa. Nilikwenda peke yangu. Upande ule wa mlima ni wa upepo na vumbi jepesi linaloingia mpaka kwenye meno, na mlima wenyewe unaonekana mkavu, hauna misitu ile tuliyoizoea sisi wa upande wa Usa River. Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kiti cha plastiki alichonunuliwa na mwanawe. Mkwe alikuwa karibu naye, anapukuchua mahindi. Walinikaribisha kama mgeni wa heri. Nilipewa kiti cha pili.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi njiani. Nilipokaa yalipotea, yakabaki machache.

"Yeyo, siku ile ulipokuja kliniki ukasema paja linawaka, daktari alitaka kukutibu siku hiyohiyo. Alitaka kukata ile ncha. Mimi nikaja nikakwambia kwamba amesema ni kawaida. Hakusema. Niliyesema ni mimi."

Mkwe aliacha kupukuchua. Akanitazama.

"Dada, nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Alimweleza kwa Kimaa, polepole, akiniangalia mara kwa mara kama mtu anayehakikisha hajakosea njia. Mama alisikiliza huku akikunjakunja pindo la shuka. Kuku mmoja akaja akadonoa mahindi miguuni mwetu na hakuna aliyemfukuza. Kisha akamwuliza mkwe kitu.

"Anauliza ulikuwa unaogopa nini."

"Kulikuwa na wageni Usa River. Nilitaka waone kazi imekwenda vizuri."

Hili mama alilielewa bila kutafsiriwa. "Walifurahi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Walifurahi, Yeyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za harusi ambayo hakualikwa.

Baada ya hapo alizungumza habari za ng'ombe wake. Alisema yupo mmoja ambaye hataki kukamuliwa na mkwe, anapiga teke, anazuia maziwa, na sasa maziwa yamepungua. Alijaribu kumkamua mwenyewe akiwa amesimama ameinama, mgongo ukagoma. Kukunja mguu sasa anaweza kidogo, tangu chuma kitoke, lakini paja bado limelala, na daktari amemwambia huenda lisiamke. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, kwa sababu niliona ningekuwa namtwisha kazi nyingine. Mkwe alileta chai ya maziwa. Nilikunywa. Nilipoaga, mama alinipa mkono, lakini hakuinuka kunisindikiza, na sikujua kama ni kwa sababu ya mguu.

Niliporudi niliandika barua kwa kamati iliyotupa kibali. Katika rasimu ya kwanza kila sentensi ilianza na "tuliamua". Niliisoma nikaifuta. Katika ya pili niliandika "niliamua", nikaeleza kuhusu fomu, kuhusu neno "anakaa", na kuhusu nilichowaambia mama na mkwe wake. Nilimpelekea daktari aisome kabla ya kuituma.

Aliisoma akiwa amesimama dirishani kwake, miwani kwenye ncha ya pua.

"Irudishe ile 'tuliamua'," alisema.

"Daktari, wewe ulitaka kukata."

"Nilitaka. Na nilijua namna ya kutembea hatua kumi mpaka chumbani nikamwambia mwenyewe. Sikutembea." Akanirudishia karatasi. "Wewe hukuwa na kiapo. Mimi ninacho."

Tulibishana. Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti mtu wa umri wake, na baadaye nilimwomba radhi. Mwishowe barua ilitoka na sahihi mbili. Utafiti ulisimamishwa kwa miezi mingi.

Ulipofunguliwa, daktari alikuwa amestaafu. Anafuga kuku Machame, na tunasalimiana kwa simu sikukuu kwa sikukuu. Nilirudi kwenye saizi nne nilizokuwa nimezichora mwanzo kabisa, zilizokuwa kwenye kompyuta muda wote ule. Ncha sasa zinaishia palepale kwenye kichwa cha skrubu. Mkunjo umebadilika kuiachia neva nafasi, na fomu ya maswali ilitungwa upya na muuguzi wa Kiarusha ambaye anawauliza wagonjwa kwa lugha yao na kuwataka wamwonyeshe kwa vitendo jinsi wanavyochuchumaa. Wagonjwa waliofuata wamekwenda vizuri. Watu wananipongeza. Daktari kijana aliyeshika nafasi ile haelewi kwa nini sifurahi kama yeye.

Kwa yule mama nilikwenda tena mara mbili, mara ya pili nikiwa na dawa ya kupaka kovu. Nilipanga kwenda ya tatu wakati wa likizo, ukaja msiba kwetu, kisha muhula ukaanza.

Mwaka huu, kiangazi, nilikuwa nakwenda Longido kwa kazi nyingine ya chuo, na mwenzangu mmoja alikuwa ananisubiri huko. Nilipofika Oldonyo Sambu nilimwona kando ya lami. Alikuwa anatembea kuelekea mnadani, bila fimbo, amebeba kifurushi, mguu wa kushoto unabaki nyuma kidogo tu, kiasi kwamba mtu asiyejua asingeona. Nilipunguza mwendo. Nilitazama saa. Nilipompita nilipiga honi mara moja, naye akainua mkono bila kutazama ni nani, kama watu wa barabara ile wanavyoinulia kila gari. Nikamwona kwenye kioo akivuka kwenda upande wa pili, nikaendelea na safari.